Mashapo ya chumvi: tushushe nishati ya Gibbs au tutatue Ksp?

Mizani: Mmumunyo una ioni za chumvi kadhaa, ipi itatoa mashapo, na kiasi gani? Msimamo wangu: tafuta kiwango cha chini kabisa cha nishati ya Gibbs (nishati ambayo mfumo huishusha hadi utulie), elementi zisipotee na moli zisishuke chini ya sifuri. White, Johnson na Dantzig walishaionyesha njia hiyo mwaka 1958. Kukomaa na Ksp (kikomo cha zao la ioni kabla chumvi haijatoa mashapo) moja moja ni hesabu za kidato cha nne.

Jipsamu: Kidato cha nne kimekukosea nini? ΔG° = −RT ln K, na Ksp ni K mojawapo. Ukifika kitako cha bakuli lako utaikuta Ksp ileile imekaa inakusubiri. PHREEQC, programu ya kemia ya maji, hutatua milinganyo kwa Newton-Raphson (kulikaribia jibu hatua kwa hatua), na sijasikia mtu akiiita ya watoto.

Mizani: Usikasirike, mkuu. Tatizo ni sharti la mashapo: ama chumvi ipo na SI (logi ya zao la ioni kugawanya kwa Ksp) = 0, ama haipo na SI iko chini ya sifuri. Kwa Ksp unabashiri kwanza ipi ipo. Ukikosea, unapata moli hasi. Chumvi 8 zina michanganyiko 256.

Namba_Tupu: Nani anajaribu yote 256? Ingiza yenye SI kubwa kuliko zote, tatua, toa iliyokuwa hasi, rudia. Ila usiweke kalsaiti na aragonaiti pamoja: zote CaCO₃, safu mbili za matriki zinafanana, hesabu inakwama. Acha kalsaiti, ndiyo tulivu zaidi kwenye nyuzi 25.

Chembe: Mbona algorithimu za kijenetiki (unabahatisha majibu mengi, unachanganya yaliyo mazuri) hazitajwi? Hazihitaji hata kukokotoa mnyumbuliko (derivative).

Namba_Tupu: Hazitajwi kwa sababu. Kilo ya maji ni moli 55.5, na kwenye hesabu hiyohiyo kuna ioni ya moli 10⁻⁹. Ukibadilisha namba kibahati unavunja uwiano wa elementi. Ukiweka adhabu kubwa ya kuzuia hilo, adhabu inaimeza nishati yenyewe. Na mmumunyo ukichukuliwa kuwa bora (ideal, ioni haziathiriani), kuna kitako kimoja tu, kwa hiyo unatafuta mashimo ambayo hayapo. Tumia ln n (n ni moli) kama kigeu kwa ioni, utakwepa na ln 0.

Chembe: "Ukichukuliwa kuwa bora." Sawa bosi, maji ya chumvi nzito nayo ni bora?

Jipsamu: Mnaruka ruka. Narudi kwa mwenye kidato cha nne. Lita moja, CaCl₂ moli 0.02 na Na₂SO₄ moli 0.02, nyuzi 25. Ksp ya jipsamu (chumvi ya CaSO₄ yenye maji) ni 10⁻⁴·⁵⁸. Zao la viwango ni 4×10⁻⁴, mara 15 ya Ksp. Mashapo tele, siyo? Sasa nguvu ya ioni (kipimo cha wingi wa chaji kwenye mmumunyo) ni 0.12, Davies, mlinganyo wa kusahihisha viwango, anakupa γ (kizidishi cha kiwango) ya 0.35 hivi kwa ioni za chaji 2, uwiano unashuka hadi 1.9. Weka jozi ya CaSO₄ iliyoyeyuka (ioni mbili zilizoshikana majini), log K 2.3: unabaki 1.1. Karibu hakuna mashapo. Ukishusha nishati ya Gibbs bila hiyo jozi kwenye orodha, utapata jibu safi kabisa, na la uongo.

Mizani: Hilo ni kosa la data, si la algorithimu.

Jipsamu: Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mizani: Hukusema. Ulitetea Ksp.

Chembe: Na Davies mwenyewe haaminiki ukipita nguvu ya ioni 0.5. Maji ya bahari ni 0.7. NaCl ikifika kikomo ni kama 6. Hapo ni Pitzer, modeli ya maji ya chumvi nzito, au usihesabu. Harvie, Møller na Weare walishaupanga mfumo wa ioni za bahari mwaka 1984.

Namba_Tupu: Pitzer ana vigezo kwa kila jozi ya ioni, na vingine vya ioni tatu tatu. Vikikosekana programu nyingine zinaweka sifuri kimyakimya.

Jipsamu: Kwa hiyo Davies hafai hata kwenye mfano wangu wa 0.12? Jibu hilo kwanza.

Chembe: Kwa 0.12 anafaa. Nani kakataa?