Mashine ya kupasua makadamia imeshaonekana hadharani: bado inaweza kulindwa? Na leseni iandikweje?

FundiRola

Habari za leo wadau. Naomba mwongozo kwa wanaozijua hataza (patent) na leseni.

Mashine ni ya kupasua makadamia. Njugu zinashuka kutoka hopa, zinapita kati ya rola ya chuma yenye mifereji na bamba lililo mbele yake. Bamba si kipande kimoja. Limekatwa vipande sita, na kila kipande kina springi yake nyuma. Njugu kubwa ikiingia inasukuma kipande chake pekee, mwanya wa njugu ndogo zilizo kando haufunguki. Hapo ndipo viini vinapopona.

Hali ilivyo:

Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya kilimo wiki 19 zilizopita, kifuniko kikiwa kimefungwa. Wiki moja baadaye video ikawekwa mtandaoni. Rola na uso wa bamba vinaonekana, springi hazionekani. Mashine moja iko kwa kikundi cha wakulima kwa majaribio tangu wiki 10 zilizopita, hakuna kilichoandikwa. Kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza mtandaoni, kuna hati ya Kichina, namba yake inaishia na U, yenye rola ya mifereji na bamba linalorekebishwa kwa bolti. Karakana moja ya Thika inataka kutengeneza mashine 40, na kuna mnunuzi wa Rungwe, Tanzania.

Maswali: je, hati ya Kichina inanizuia? Je, nimechelewa? Na hiyo karakana niipe nini, kwa masharti gani?

Msoma_Hati

Ndugu Fundi, tuanze na hati ya Kichina, maana hapo ndipo wengi wanajikwaa. Hati ya hataza ni vitu viwili kwa pamoja. Ni ua, yaani uzio, katika nchi ilikosajiliwa, na ni kitabu kilicho wazi kwa dunia nzima. Herufi U kwenye hati ya China inaonyesha modeli ya matumizi, aina nyepesi ya hataza, ambayo huko hudumu miaka 10. Kama mwenyewe hakuomba Kenya, wala hakuitaja Kenya kupitia ARIPO (shirika la mali ya viwanda la kanda ya Afrika, lenye makao Harare), hapa hana ua. Unaweza kutengeneza hata ile mashine yake kama ilivyo, bila kumlipa, mradi usiipeleke kuiuza China ikiwa haki yake bado hai.

Lakini kama kitabu, inakubana popote. Kila kilichochorwa humo si kipya tena, wala hapa wala Harare. Kwa hiyo rola yenye mifereji iondoe kwenye hesabu ya uvumbuzi wako, na bamba la kurekebishwa liondoe pia. Kilichobaki ni vipande sita na springi zake.

Usiridhike na hati moja. Tafuta kwa namba ya uainishaji, kwa sababu maneno hubadilika lugha hadi lugha ila namba haibadiliki. Mashine za kupasua na kukoboa njugu ziko A23N 5/00, na za kuondoa ganda la nje lenye nyama ziko A23N 5/08. Pitia namba hizo Espacenet na Patentscope (hifadhidata ya WIPO, shirika la mali ubunifu la Umoja wa Mataifa), kisha uchanganye na maneno ya springi na mwanya. Hati za Kichina zisome kwa michoro kwanza, ndipo uzitafsiri kwa kitufe cha tafsiri kilichomo humo humo. Usiishie kwenye makadamia. Mkaguzi akikuta bamba la vipande vyenye springi kwenye mashine ya kupasua walnati au kokwa za mawese, atalitumia dhidi yako.

Chora jedwali: safu za kushuka ni sehemu za mashine yako, safu za kulala ni hati ulizozipata, weka alama kila sehemu inapoonekana. Safu ya kushuka isiyo na alama hata moja ndiyo yenye thamani. Ukikwama, nenda kituo cha TISC, yaani cha msaada wa teknolojia na ubunifu. Ni mpango ulioanzishwa na WIPO mwaka 2009, na kwa Kenya unaratibiwa na KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya. Nenda na lile jedwali. Ukienda mikono mitupu utaishia kufundishwa namna ya kufungua tovuti.

Kuhusu kuchelewa: sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya 2001 inasamehe ulichofichua mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi. Kwa Kenya hujachelewa.

Wakala_Dar

Mkuu, aliyetangulia yuko sahihi kwa Kenya, lakini mnunuzi wako yuko Rungwe, na huko ile miezi 12 haikufuati.

Ukitaka Tanzania na Uganda kwa ombi moja utapitia ARIPO, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Msamaha wake ni mwembamba: miezi sita, tena kwa kilichoonyeshwa kwenye maonyesho rasmi au yaliyotambuliwa rasmi. Wiki 19 zimepita, kwa hiyo umebakiwa na kama wiki saba. Habari njema ni kwamba si lazima ombi la ARIPO lenyewe liingie ndani ya wiki hizo. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kipaumbele, yaani siku ulipowasilisha ombi la kwanza. Wasilisha KIPI ndani ya wiki hizo saba, kisha una miezi 12 ya Mkataba wa Paris ya kwenda ARIPO ukiidai tarehe ile ile. Hakikisha ombi la kwanza lina maelezo kamili na michoro yote, kwa sababu kipaumbele hakifuniki kitu ambacho hakikuwemo siku ile.

Video haiingii kwenye msamaha wa maonyesho. Iliyoonyesha imeshatoka. Ikiwa mikato ya vipande vya bamba haionekani humo, iliyoonyesha ni yale yale yaliyo kwenye hati ya Kichina, kwa hiyo hukupoteza kipya. Iache kama ilivyo, na usiongeze nyingine.

Kinachonitia hofu ni mashine iliyo kwa wakulima. Yeyote pale akifungua bolti za nyuma anaziona springi. Kama hakuna wajibu wa kutunza siri, mpinzani atasema uvumbuzi ulikuwa wazi kwa umma kabla ya tarehe yako, na msamaha wa maonyesho hautakusaidia hapo. Fanya hivi wiki hii: andikeni kwa tarehe ya leo, kikundi kithibitishe kilichotokea kweli. Mashine ililetwa lini, ni ya majaribio, ni mali ya nani, nani ameifungua. Kama walielewa tangu mwanzo kwamba haifunguliwi wala haionyeshwi kwa wageni, liandikwe. Kama hawakuelewa hivyo, lisiandikwe. Nawaomba kwa dhati, msirudishe tarehe nyuma. Karatasi moja ya uongo ikigundulika huangusha ombi zima, hata sehemu zake za kweli. Kisha irudishe mashine kwenye karakana yako hadi ombi liingie.

La mwisho: ARIPO ukiitaja Tanzania, fahamu kwamba Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA. Burundi na Kongo hazimo kwenye Itifaki ya Harare.

MtungaMadai

Niongeze upande wa madai, yaani sentensi za ombi zinazotaja kinacholindwa, maana ndiyo yatakayopimwa mahakamani, si mashine yenyewe.

Kosa la kwanza ni kuandika vipimo. Ukidai "vipande sita vya upana wa milimita 40" mwigaji atakata saba vya milimita 35 na utamtazama tu. Andika "vipande viwili au zaidi, kila kimoja kikiweza kusogea peke yake". Vipimo viweke kwenye maelezo kama mfano. Kosa la pili ni kinyume chake, kudai "mashine ya kupasua njugu yenye rola na bamba". Hiyo hati ya Kichina inaifuta siku ya kwanza. Kosa la tatu ni neno springi. Mwigaji ataweka mpira mgumu. Andika "kiegemezo kinachonepa", kisha kwenye dai la pili useme kinaweza kuwa springi, la tatu mpira.

Hataza au modeli ya matumizi? Kwa Kenya modeli inataka upya na uwezo wa kutumika viwandani, haidai hatua ya uvumbuzi (kwamba isiwe jambo la wazi kwa fundi), na hudumu miaka 10 bila kuongezwa. Hataza hudumu 20 na hudai hatua ya uvumbuzi. Sheria inaruhusu kuligeuza ombi la hataza kuwa la modeli kabla halijaamuliwa. Kwa mashine kama hii ningeingia na hataza, mkaguzi akisema kugawanya bamba ni jambo la wazi kwa fundi yeyote, ningegeuza. Usisahau kuomba ukaguzi wa kina ndani ya miaka mitatu tangu kuwasilisha. Maombi mengi mazuri hufa hapo kwa kusahauliwa tu.

Kama kipato ni kidogo, ulizia mpango wa WIPO wa kuwasaidia wavumbuzi, ambao Kenya imo. Unapewa wakala anayefanya kazi bila malipo, ila ada za ofisi unalipa mwenyewe.

PCT, yaani ombi moja la kimataifa la hataza, sikushauri mpaka uwe na soko nje ya kanda. Ukiihitaji, ada ya kimataifa ni faranga za Uswisi 1,330 kwa kurasa 30 za kwanza, na mtu binafsi Mkenya anayeishi Kenya hupunguziwa asilimia 90. Kampuni ya Kenya haipati. Na ada ya utafutaji ni nyingine kabisa.

FundiRola

Asanteni sana, wiki saba nimezisikia. Karakana ya Thika inataka tusaini makubaliano ya awali sasa hivi, kabla ya ombi. Inafaa?

Leseni_na_Karakana

Usisaini kwanza, Fundi. Sababu ya wazi ni kwamba huna cha kumpa leseni kabla ya kuwa na tarehe ya kuwasilisha ombi. Sababu iliyojificha inahusu lile punguzo la PCT la asilimia 90: hutolewa ikiwa siku ya kuwasilisha huna wajibu wa kumhamishia au kumpa leseni mtu asiyestahili punguzo. Ukishajifunga na kampuni, umelipoteza. Kwa sasa saini mkataba wa kutunza siri tu, na usiwape mchoro wa nyuma ya bamba.

Leseni yenyewe, mrabaha (malipo yako kwa kila mashine) si mahali pa kupigania zaidi. Hesabu ni nyepesi: tuseme mashine inauzwa Sh 180,000 na mmekubaliana asilimia 4, ni Sh 7,200 kwa kila moja, Sh 288,000 kwa 40, na kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa humo, Sh 14,400. Weka kiwango cha chini cha kila mwaka, wasije wakaikalia leseni bila kutengeneza. Usiwape haki ya pekee kwa nchi nzima; wape ya pekee kwa miaka miwili, na ikiwa hawakufikisha idadi mliyokubaliana, igeuke ya kawaida yenyewe. Maboresho watakayofanya yawe yao, nawe uwe na haki ya kuyatumia. Ukiyadai yote yawe yako unaweza kukwama kwenye usajili, kwa sababu mkataba husajiliwa KIPI na sheria inaruhusu kukataa masharti ya kukandamiza.

Pa kupigania ni kiambatisho cha ujuzi. Hataza inasema kuna springi, haisemi springi gani. Nimesoma mikataba mingi ya leseni yenye kurasa 20 za sheria na nusu ukurasa wa ufundi, na hapo ndipo teknolojia inapofia njiani. Kiambatisho kitaje chuma cha rola na ugumu wake baada ya kuchomwa na kupozwa, kina cha mifereji, nguvu ya kila springi, na mwanya wa kuanzia kwa kila saizi ya njugu. Rola ikitengenezwa kwa chuma laini, kingo za mifereji huliwa, njugu huteleza badala ya kushikwa, fundi hukaza mwanya ili zipasuke, na viini husagika. Mteja ataisema vibaya mashine yako, si chuma chao.

Andika na hali ya njugu. Kiini cha makadamia kikiwa na unyevu mwingi hushikana na ganda na kuvunjika pamoja nalo. Njugu hukaushwa polepole hadi kiini kifike unyevu wa takriban asilimia 1.5, kinasinyaa na kuachana na ganda, ndipo zinapasuliwa. Kwa hiyo jaribio la kupokea mashine liandikwe hivi: mizunguko mitatu ya kilo 50, njugu zilizochambuliwa kwa saizi, unyevu upimwe na kuandikwa kabla ya kila mzunguko, viini vizima vipimwe kwa uzito dhidi ya viini vyote. Asilimia ya kufaulu itoke kwenye mashine yako ya sasa, si kichwani. Ipime kabla hujaketi nao mezani, na ufanye hivyo mashine ikisharudi kutoka kwa kikundi.