Naomba ushauri: naandika riwaya ya upelelezi kutokana na ujangili uliotokea kwetu Liwale

Kalamu ya Kusini (mwanzisha uzi)
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Nimeandika riwaya ya upelelezi inayotokana na ujangili uliotokea pembezoni mwa Pori la Akiba la Selous, upande wetu wa Liwale, katika miaka ile mibaya ambayo hesabu ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mpelelezi wangu ni mwalimu wa shule ya msingi anayeokota ganda la risasi katika shamba la ufuta, kisha anaanza kujiuliza ni nani kijijini mwenye bunduki ya aina hiyo. Swali langu ni moja tu: nikibadilisha jina la kijiji na majina ya watu, inatosha? Hii ni wiki ya tatu sipati usingizi.

Askari Mstaafu
Marahaba. Nilitumikia pori hilo kwa miaka 19, na nakushauri uliondoe hilo ganda la risasi. Wapelelezi wetu wa kweli walikuwa tai. Ukiwaona wanazunguka angani mahali pamoja, unajua kuna mzoga, nasi tulitembea kwa miguu kuwafuata. Majangili nao wanalijua hilo, ndiyo maana wengine hutia mzoga sumu ili ndege hao wafe kabla ya kuwaita askari. Juni 2019 nchini Botswana zaidi ya tai 500 walikufa kwa kula mizoga ya tembo watatu tu. Mimi nilimzika mwenzangu aliyepigwa risasi na majangili karibu na mto, na asubuhi ile tulielekezwa na tai hao hao. Mwalimu wako atazame juu.

Mama Sheria
Mwanangu, kubadilisha majina hakutoshi. Watu wa kijijini humtambua mtu kwa mguu anaochechemea, kwa idadi ya wake zake na kwa pikipiki anayoiendesha, hata ukimpa jina la Kizungu. Kama wasomaji wanaomfahamu watamtambua, anaweza kukudai kwa kashfa. Na kama uliyoyaandika ni kweli, umemwanika kwa kosa la nyara za serikali ambalo halifutiki kwa sababu tu miaka imepita. Kwa hiyo nieleze: huyo mhalifu wa kwenye hadithi ametokana na mtu halisi? Yu hai? Ni nani wako?

Kalamu ya Kusini
Ahsante, mama. Ametokana na mtu ninayemfahamu, na yu hai. Sidhani kama uhusiano wetu una uzito katika jambo hili.

Mpenda Riwaya
Ndugu mwandishi, kwa nini unahangaika na mtu wa kijijini wakati wakubwa wapo? Chukua kesi ya Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, ambaye alikuja nchini katika miaka ya 1970 kama mkalimani wa mradi wa reli ya TAZARA, akawa na mgahawa Dar es Salaam, na Februari 2019 akahukumiwa na Mahakama ya Kisutu kifungo cha miaka 15. Au chukua nyumba ile ya Mikocheni ambamo mwaka 2013 vilikutwa vipande 706 vya meno ya tembo pamoja na vitunguu saumu. Msomaji anayenunua kitabu anataka kumwona mkubwa akianguka.

Mama Sheria
Mwandishi bado hajanijibu.

Kalamu ya Kusini
Ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama. Hajawahi kukamatwa. Nilipokuwa kidato cha pili, meno ya tembo yalilala siku mbili nyumbani kwake chini ya magunia ya ufuta, nami nililala juu ya magunia hayo kwa sababu alinituma nilale pale. Wiki iliyofuata ada yangu ililipwa yote. Katika riwaya nimemwondoa kabisa; mhalifu ni mfanyabiashara wa kubuni anayetoka mbali na lori lake. Mswada uko kwa mchapishaji tangu mwezi uliopita na malipo ya awali nimeshapokea, kwa hiyo naomba msinishauri kuuondoa. Mgeni wa kubuni hamuumizi mtu yeyote.

Askari Mstaafu
Kijana, mgeni wa lori peke yake hafiki kwa tembo. Kuna anayemwonyesha njia, anayebeba mzigo usiku, na mwenye ghala. Tuliowakamata kwa urahisi walikuwa wabebaji, kwa kuwa wenye maghala walikuwa watu wa heshima ambao hakuna jirani aliyethubutu kuwataja. Ukimwondoa mwenye ghala, mwalimu wako atakuwa anapeleleza nini?

Jicho la Tai
Naomba radhi, lakini sisadiki habari hii. Uzi wenyewe umepangwa kama riwaya: kwanza ganda la risasi, kisha kimya, kisha mjomba. Zaidi ya hayo, jino lililong'olewa karibuni hubaki na nyama kwenye shina, na nyama hiyo huoza na kunuka. Mtu aliyelala juu yake usiku mbili angeanza na harufu, lakini wewe hujaitaja hata mara moja.

Kalamu ya Kusini
Sikuitaja kwa makusudi. Mjomba aliweka magunia mawili ya dagaa mlangoni, na mkewe akamgombeza mbele ya wageni kwamba nyumba inanuka kama soko. Ukoo mzima unaukumbuka ugomvi ule na mpaka leo wanausimulia kwa kucheka, bila kujua sababu ya dagaa wale. Ndiyo maana haumo katika mswada.

Askari Mstaafu
Agosti 2011 katika bandari ya Zanzibar vilikamatwa vipande 1,041 vya meno ya tembo vilivyofichwa ndani ya dagaa wakavu. Kijana huyu mimi namsadiki.

Jicho la Tai
Habari ya Zanzibar ilitangazwa, na kila mtu angeweza kuisoma. Bado nina shaka.

Mama Sheria
Awe anasema kweli au anabuni, ushauri wangu ni ule ule. Usiandike hapa neno jingine kuhusu mtu huyo. Mwombe mchapishaji asimamishe kazi kwa muda, kisha nenda nyumbani ukazungumze na mjomba wako kabla hajazisikia habari hizi kwa watu wengine.

Kalamu ya Kusini
Nimemwandikia mchapishaji kuomba wiki mbili, naye amekubali. Nitasafiri Jumamosi. Mjomba ana mtoto wa jicho na hawezi kusoma tena, kwa hiyo itabidi nimsomee mwenyewe kwa sauti, na nyumba ile ni ndogo. Sijui mkewe atakuwa amekaa wapi.