Naomba ushauri: propela ya pichi 23 au ya mapanga manne kwa boti ya kasi?

Mkaazi_wa_Langata
Wanajukwaa, nawasalimu. Nina boti ya futi 24 yenye mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 250, niliyoinunua kwa mtu wa Mtwapa huko pwani, na siku aliponionyesha ilikuwa ikiruka majini hata nikashika kofia kwa mikono miwili. Tangu iwe mikononi mwangu imekuwa nzito: inachelewa kunyanyuka na kulala juu ya maji, na kasi haifiki ile niliyoiona. Propela iliyopo ni ya chuma cha pua, ya mapanga matatu, pichi 21, yaani ingesonga mbele inchi 21 kwa kila mzunguko kama haitelezi. Kwa kuwa pichi kubwa huisogeza boti mbali zaidi kwa kila mzunguko, nimefikiria kupanda hadi 23. Rafiki yangu naye anasisitiza ya mapanga manne. Je, nichukue ipi? Naomba majibu mapema, kwani muuzaji wa hapa Nairobi anataka uamuzi wangu wiki hii.

Mzee_wa_Mokowe
Mwanangu, mimi nimevusha abiria kati ya Mokowe na Lamu tangu enzi ambazo mashine ya farasi 40 ilihesabiwa kuwa kubwa, na nakuambia uachane na chuma cha pua. Siku moja maji yalikuwa yamekupwa, tukakwea fungu la mchanga kwa mwendo mkali. Propela yetu ya alumini ikapinda mapanga yote, lakini gia ikabaki salama, na jioni fundi akayanyoosha kwa nyundo. Ingekuwa ya chuma cha pua, kishindo kile kingeishia kwenye shafti.

Mkaazi_wa_Langata
Shikamoo mzee, nashukuru, lakini sikuuliza kuhusu alumini.

Fundi_wa_Tudor
Ndugu, kabla ya kutaja pichi yoyote, tueleze mambo matatu. Ukifungua mafuta yote, geji inasoma mizunguko mingapi kwa dakika? Unabeba watu wangapi? Na boti hii unaiendesha wapi?

Mkaazi_wa_Langata
Inafika 4,700. Kwa kawaida tunakuwa sita, na tangi limejaa. Mwenye boti alipokuwa akinionyesha tulikuwa wawili tu na ilisoma 5,300. Naiendesha majini, kama boti zote.

Mama_Zawadi
Mwenda pole hajikwai. Sielewi mtu mzima mwenye familia anatafuta nini kwa kasi hiyo, ilhali kuna wavuvi wenye mitumbwi wanaopinduliwa na mawimbi ya boti za kifahari.

Fundi_wa_Tudor
Majini wapi, ndugu? Bahari au ziwa? Kitabu cha mashine yako kinataka ifike kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 mafuta yakiwa wazi kabisa, nawe uko chini ya kiwango hicho. Mashine yako inalemewa, na hapo ndipo unataka kuitwisha pichi kubwa zaidi.

Mkaazi_wa_Langata
Naivasha. Sikuona kama jambo hilo lina uzito, maana maji ni maji, na ya ziwa hayana hata mawimbi ya kutisha. Isitoshe, nimekwisha kulipa nusu ya bei ya ile ya pichi 23, na muuzaji ni mtu mzoefu ambaye hawezi kuniuzia kitu kisichofaa.

Kijana_wa_Iten
Mashine imezaliwa pwani, ikapelekwa mlimani bila mazoezi, na sasa mwenyewe anashangaa kwamba inahema! Ileteni huku kwetu tuikimbize asubuhi.

Fundi_wa_Tudor
Kijana ametania, lakini amegusa penyewe. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Mashine isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda ni kidogo. Kompyuta ya mashine hupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki sawa, lakini haiwezi kuirudisha hewa ambayo haipo. Piga hesabu, utaona farasi wako 250 wamebaki kama 205. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya Mtwapa inakuwa kubwa mno kwa farasi hao, hasa wakibeba watu sita. Ukiendelea kuibana mashine chini ya mizunguko yake huku mafuta yakiwa wazi, joto hupanda, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo hulipa.

Kila inchi moja ya pichi unayoshuka hukuongezea mizunguko kati ya 150 na 200. Kutoka 4,700 hadi karibu na 5,400 ni inchi nne, kwa hiyo propela inayokufaa ni ya pichi 17. Ya mapanga manne ni nzuri kwa mzigo, kwani hushika maji vyema, hunyanyua boti mapema na haiachii ukikata kona, lakini kwa kawaida hupunguza mizunguko kidogo na kasi ya mwisho pia. Kama utaitaka hiyo, pichi yake nayo lazima ishuke.

Mkaazi_wa_Langata
Naheshimu ujuzi wako, lakini haiwezekani kwamba nishuke pichi ili nipate kasi. Hata kwa hali yake ya sasa, geji ya mwendo imewahi kunionyesha kilomita 92 kwa saa. Nikiongeza inchi mbili nitapita 100.

Karani_Mstaafu
Samahani, wanajukwaa, lakini nadhani tunachezewa. Zidisha mizunguko 4,700 kwa inchi 21, gawanya kwa uwiano wa gia ambao kwa mashine hiyo ni 1.75, kisha geuza inchi kwa dakika ziwe kilomita kwa saa. Utapata 86, na hiyo ni iwapo propela haitelezi majini hata chembe, jambo ambalo halijapata kutokea. Bwana huyu anadai 92. Ama boti inaisukuma propela yake, ama boti yenyewe haipo na kuna mwanafunzi anayetafuta majibu ya kazi ya nyumbani. Nilishikwa na mashaka tangu alipoficha jina la ziwa.

Mama_Zawadi
Nami nilihisi hivyo hivyo. Mwenye boti halisi angekwisha kutaja viboko wa ziwa lile.

Mkaazi_wa_Langata
Viboko wapo, mama, na ndiyo maana siendi karibu na mafunjo. Nimeweka picha ya kitovu cha propela, namba 21 inaonekana wazi, na kando yake ni gazeti la leo. Sina sababu ya kubuni boti inayonila pesa namna hii.

Fundi_wa_Tudor
Karani amepiga hesabu sawasawa, na ndugu yetu huenda pia anasema kweli. Je, geji hiyo ya mwendo inasoma setilaiti, au ina kijishimo kwenye mguu wa mashine kinachopima msukumo wa maji?

Mkaazi_wa_Langata
Ni ya msukumo wa maji. Mwanangu alikuwa na simu iliyopima kwa setilaiti, ikatoa 74, ila nilidhani simu ndiyo mbovu.

Karani_Mstaafu
Kwa 74 naondoa shauri langu. Huo ni mtelezo wa asilimia 14, nao ni wa kawaida kabisa kwa boti iliyobeba watu sita.

Mzee_wa_Mokowe
Na ziwa lile lina gugumaji, tena maji yalipopanda yalimeza miti na nyua za watu. Narudia: alumini.

Fundi_wa_Tudor
Mzee ana haki kuhusu visiki. Kwa majaribio, alumini ya pichi 17 inatosha, na hata ukiigonga hutalia sana. Mpigie muuzaji leo, kabla hajaiagiza ile ya 23, umwombe ahamishie malipo yako kwenye propela nyingine.

Mkaazi_wa_Langata
Nimempigia. Anakubali kubadilisha, lakini nimemwambia 19. Kumi na saba ni ya boti za kuvulia samaki.

Fundi_wa_Tudor
Ukiwa na 19 utafika kama 5,000 na ushei, yaani umegusa kizingiti tu. Basi beba watu watatu, tangi liwe nusu, na usome kasi kwenye simu ya mwanao.