Tupeane uzoefu: tiba ya saikodinamiki ilikusaidia vipi?

Wapendwa, naomba waliopitia tiba hii ya mazungumzo, inayochunguza hisia zilizofichika na mizizi yake ya zamani, watusimulie. Sizungumzii nasaha za kupewa majibu, bali vikao vya takribani dakika 50, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ambamo unasema lolote linalokujia, na mtaalamu anasikiliza hata yale unayoyakwepa. Chimbuko lake ni madaktari wa Vienna, Sigmund Freud na Josef Breuer, waliochapisha mwaka 1895 kitabu chao kuhusu histeria (jina la zamani la maradhi ya hisia yanayojitokeza mwilini), ingawa mengi ya Freud yamekwisha kuwekwa kando.

Nianze mimi. Nilikwenda kwa sababu ya huzuni isiyoisha, na kwa miezi miwili nilisimulia habari zangu kama vichekesho. Siku moja mtaalamu akaniuliza, kwa upole, kama nilikuwa nimegundua kwamba hucheka kila ninapomtaja marehemu baba. Sikumjibu. Niliviringisha karatasi ya kujifutia machozi hadi ikawa kama punje, na kikao kikaisha hivyo. Kumlilia baba nilianza wiki iliyofuata, miaka tisa baada ya kumzika.

Mchangiaji wa pili: Kwangu ilikuwa hasira. Mtaalamu wangu aliponiarifu kwamba angekwenda likizo ya wiki tatu, nilikosa kikao kilichofuata, kisha nikadai nimesahau. Hakunilaumu, aliuliza ni nani mwingine aliyewahi kuondoka nikiwa bado namhitaji. Hapo ndipo nilipoona kwamba wachumba wawili niliwakimbia kwa namna ileile, kabla hawajaniacha. Wataalamu huita hali hii uhamishaji: hisia zilizomhusu mtu wa zamani humwangukia aliyeketi mbele yako, na kwa kuwa yeye hakasiriki wala hatoroki, mnaweza kuzichunguza pamoja.

Mchangiaji wa tatu: Nami niseme upande wa pili. Nilipoanza nilikuwa silali kabisa, na ule ukimya wa mtaalamu ulinitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Ilibidi kwanza nitibiwe na daktari kwa dawa, ndipo nikarudi. Mwanasaikolojia Jonathan Shedler aliandika mwaka 2010 kwamba manufaa ya tiba hii huelekea kuongezeka hata baada ya vikao kukoma, na kwangu imekuwa hivyo: juzi bosi alinikaripia, nikahisi tumbo linakaza kama nilipokuwa mtoto, lakini safari hii nilijua hofu ile ni ya nani, nikamjibu bila kutetemeka.