Semina ya MI ilipita, vyeti tunavyo, lakini wanasihi wamerudi kuhubiri. Mnafanyaje?

Mnasihi wa Nyanda
Habari zenu wakuu. Niko CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ya wilaya huku nyanda za juu kusini, nasimamia wanasihi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, pia kuna afisa ustawi mmoja anatusaidia kesi za watoto. Mwaka jana tuliletewa semina ya MI, yale mahojiano ya kumhamasisha mteja aone mwenyewe sababu ya kubadilika, siku mbili hotelini, watu wakaigiza vizuri tu, wakacheka, posho ikatoka, vyeti vikabandikwa ukutani. Sasa hivi nikipita karibu na chumba cha unasihi nasikia yale yale ya zamani, "kwa nini hukunywa dawa?", "unataka ufe uache watoto?", "haya niahidi hutarudia". Tena hasa kwa wale wa EAC (unasihi wa ziada wa kumeza dawa vizuri) ambao HVL (wingi wa virusi kwenye damu) imesoma juu ya 1,000, yaani pale ambapo MI ingefaa kuliko popote ndo pale watu wanawaka. Ukiwauliza wanakwambia MI tunafanya kila siku bosi, na fomu zimetikiwa zote. Hela ya kurudia semina hamna na hata ikija naona tutaishia palepale. Sitaki kuwagombeza maana siku za kliniki foleni inafika getini. Nyie wenzangu ujuzi mnautunzaje?

Fundi Sikio
Mkuu kwanza usiwaone waongo, wanaamini kabisa wanachokwambia. Miller, huyu huyu aliyeianzisha MI na kuiandikia kwa mara ya kwanza 1983, alishawahi kupima hili na mwenzake Mount, utafiti wao ulitoka 2001. Walifundisha maafisa probesheni Marekani kwa semina moja, baadae wale maafisa kwa maelezo yao wenyewe wakawa wameiva, ila kanda za mazungumzo yao zilionyesha mabadiliko kiduchu na wateja wao walikuwa wanajibu vilevile tu. 2004 akaja na utafiti mkubwa zaidi, wataalamu 140 wa mambo ya ulevi na madawa, waliopata mrejesho au kocha baada ya semina wakawa juu ya wale wa semina tupu, na mtu alivyojipima mwenyewe havikuhusiana kabisa na alichokuwa anafanya kwenye kanda. Kwa hiyo kumuuliza mtu "unafanya MI?" hakukupi kitu, ni kama kujinyoa kisogoni bila kioo.

Dawa yake inajulikana. Schwalbe na wenzake 2014 walikusanya tafiti 21 za mafunzo ya MI wakaona bila ufuatiliaji ujuzi unaliwa ndani ya miezi 6, ila vikao 3 mpaka 4 vya mrejesho au kukochiwa ndani ya muda huo vinatosha kuushikilia. Vikao vitatu mkuu, sio mradi wa mamilioni. Ila lazima mtu asikilizwe akiongea na mteja wa kweli, sio akiigiza na rafiki yake.

Mnapokaa kusikiliza msianze na mambo makubwa. Wapimaji wenyewe wa MITI (chombo cha kupima ubora wa mazungumzo ya MI) huchukua kipande cha dakika 20 tu, wanahesabu maswali na wanahesabu kuakisi, yaani pale unapomrudishia mteja alichosema au alichokimaanisha. Ukifika kuakisi kumoja kwa kila swali moja unahesabika wa wastani, kuwili kwa swali moja ndo mzuri. Nakuhakikishia mwanzoni mtakuta maswali tisa kuakisi sifuri 😂 na hapo hakuna haja ya kumsema mtu, karatasi inasema yenyewe.

AfisaUstawi
Samahani jamani mimi naona mnaongelea nchi za watu. Mnasihi ana wateja arobaini kabla ya saa nane, dakika 20 za kumsikiliza mtu anazitoa wapi? Sisi ustawi ndo usiseme, unaenda nyumbani kwa watu kesi ya mtoto amepigwa, baba kakunja sura, hapo unaambiwa "mwakisi". Saa nyingine mtu anatakiwa kuambiwa ukweli na sheria ni sheria.

Dirishani
Dada AfisaUstawi kuna kitu nakubaliana na wewe na kingine hapana. Mtoto akiwa hatarini unafanya la kisheria kwanza, MI haijawahi kukataza hilo, hata kutoa taarifa haikatazi ila unaomba ruhusa kwanza, "naweza kukwambia tunachokijua kuhusu hili?", halafu unamuuliza yeye anaionaje. Ila hili la muda, hapana. Mimi niko kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (kliniki hizi zilianzia Muhimbili 2011, sasa zipo mikoa mingine pia), mteja anakuja kila siku anakunywa dozi mbele yako dirishani anaondoka, unaongea nae dakika mbili ukibahatika. Tofauti iko kwenye unazitumiaje. Kuna kijana alikuwa anaruka siku, kila akija anakuta mhubiri, "umeharibu tena". Mwenzangu mmoja siku hiyo akamwambia tu "jana hukuja, leo umekuja na mvua yote hii". Basi. Yule kijana akasimama pale pembeni akaanza kusema mwenyewe, kibarua kimebadilika anaingia alfajiri, bosi hajui kama yuko kwenye dawa, na hataki kurudi maskani kwa wavutaji wenzake maana mama yake ameanza kumwachia funguo za nyumba. Hilo la funguo kwa maswali tungelipata lini? Na muda ulikuwa ule ule.

Kinachotuharibia sisi wahudumu ni kutaka kumnyoosha mtu hapo hapo. Tumefundishwa chuoni kuona tatizo unatibu, kwa hiyo mteja akisema "nimechoka na hizi dawa" mdomo unafunguka wenyewe. Hicho hakiondolewi na slaidi, kinaondolewa na mwenzako kukugusa bega baadae, "pale alivyosema amechoka uliruka".

kaunsela254
Niaje watu wangu, niko Pwani upande wa Kenya, HTS (upimaji wa VVU) na sasa pia niko na vijana wa ART (wanaotumia dawa za VVU). Huku tuko na supavisheni ya makaunsela, mnakaa kwa grupu, lakini nikwambie ukweli kitambo ilikuwa inageuka kikao cha kulalamika, mshahara umechelewa, supavaiza ni mkali, saa zinaisha mnaenda nyumbani. Ilibadilika tulipoamua kila kikao lazima mtu mmoja alete kesi na tusikie maneno yenyewe, sio hadithi ya kesi. Mtu akianza "sasa yule klayenti ni mgumu" tunamkatiza, alisema nini hasa? na wewe ukamjibu nini? Halafu tunachukua ile sentensi moja kila mtu anajaribu kuijibu kivyake.

Juzi ilikuwa mama ameambia kaunsela "nikimeza hizo dawa bwanangu atajua". Wa kwanza akajibu "kwani hujamwambia?", wa pili "lakini ni muhimu umwambie", wa tatu akasema "dawa unaitaka, unachoogopa ni yeye kuiona". Hapo kila mtu akanyamaza, hata wenye walikuwa wanachezea simu. Hiyo ndio mazoezi, dakika tano, na inabaki kwa kichwa kuliko warsha.

Supavaiza pia alete yake. Kama bosi haanikwi hakuna mtu ataleta kesi mbaya, mtaletewa zile zimepikwa.

Mnasihi wa Nyanda
Aisee mmenipa kitu, hiyo ya sentensi moja naianza Alhamisi baada ya foleni kuisha, na nitatanguliza ya kwangu mimi. AfisaUstawi nakuelewa sana, mkuu wa kwetu nae anasema hivyo hivyo. Swali langu kwa Fundi, hizi kanda. Wateja wetu ni WAVIU (watu wanaoishi na VVU), mji mdogo huu kila mtu anamjua mwenzie, nikianza kurekodi kwa simu si nitakimbiza watu? Na mratibu wa wilaya ataniuliza.

Fundi Sikio
Usirekodi kwa simu ya mtu binafsi kabisa, hiyo futa, na kwenye WhatsApp ndo kabisaa. Anza bila kanda. Mwombe mteja ruhusa mwenzenu akae pembeni kwenye kikao, anaambiwa wazi kwamba anayeangaliwa ni mhudumu sio yeye, na akikataa kikao kinaendelea kama kawaida bila kununa. Anayekaa pembeni ana kikaratasi chenye safu mbili, maswali na kuakisi, anatia alama tu, haandiki jina wala ugonjwa wala chochote cha mteja. Mteja akitoka mnakaa dakika kumi, aliyeongea anaanza kusema yeye aliona wapi pamekaa vizuri, halafu msikilizaji anataja sehemu moja nzuri na moja ya kujaribu tofauti. Moja tu, ukimpa sita hatafanyia kazi hata moja.

Kanda ukija kuzitaka baadae nenda na barua kwa mratibu, rikoda ya kituo, ridhaa ya maandishi, zikisikilizwa zinafutwa. Na ile karatasi ya alama isiingie kwenye tathmini ya mtumishi ya mwaka, hilo kubalianeni na mganga mfawidhi kabla hujaanza, maana siku watu wakijua alama zinafika kwa utumishi utaanza kusikia MI safi kabisa ukiwepo chumbani, ukitoka tu "niahidi hutarudia".

Mnasihi wa Nyanda
Hahaha kweli kabisa. Kwa mganga mfawidhi naenda kesho asubuhi kabla ya raundi.