Paka mzee amevimba mguu, nimpe nusu Panadol?

Mlinda_Geti:
Wakuu, salamu kutoka Entebbe. Nina paka dume, mtu mzima, miaka kama 13. Tangu juzi anachechemea mguu wa nyuma wa kulia, karibu na goti pamevimba, nikimgusa ananguruma. Alianguka kutoka ukutani. Usiku hatulali kwa kulia kwake. Ndani nina Panadol na diklofenaki. Diklofenaki naona ni kali, kwa hiyo nataka kusaga nusu Panadol niichanganye na mukene (dagaa). Nusu inatosha au robo? Naomba jibu mapema.

Nipo_Nipo:
Ngoja wajuzi waje. Nimeshika siti ya mbele.

Bint Bombo:
Kaka yangu USIMPE! Paka wa dada yangu alipewa Panadol ya maji ya mtoto. Jioni fizi zikawa rangi ya kahawia, uso ukavimba, asubuhi tukamzika nyuma ya jiko. Na alikuwa paka wa maana yule. Panya alikuwa anatuletea mlangoni mmoja mmoja, mpaka majirani wakija kumwazima. Sasa hivi panya wanapita sebuleni kama wapangaji na kodi hawalipi. Dada mwenyewe mpaka leo ukitaja paka anabadilisha mazungumzo.

Dk. Malisho:
Bint Bombo kasema kweli. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Sumu inabaki inaharibu damu, na damu ikishaharibika haibebi oksijeni. Hakuna robo iliyo salama. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zitamwondoa kwa figo na tumbo. Mimi ni daktari wa mifugo, huku Mbarara kazi yangu kubwa ni ng'ombe, lakini paka nao nilisoma. Nijibu: ana ugonjwa mwingine? Anakula? Maji anakunywa vipi? Kabla ya kuanguka alikuwa anatembeaje?

Mlinda_Geti:
Asante daktari, Panadol nimeacha. Anakula kidogo kidogo. Kuna kijana anachanja ng'ombe huku mtaani, kesho saa nne anakuja na sindano ya deksa. Alimdunga mbwa wa jirani, siku hiyo hiyo mbwa akakimbia. Nimeshampa elfu kumi ya mafuta ya pikipiki, kwa hiyo hilo limepita. Nilitaka kitu cha usiku wa leo tu.

Dk. Malisho:
Hujajibu. Ana ugonjwa mwingine?

Mlinda_Geti:
Ana sukari kidogo.

Kichwa_Ngumu:
Sukari KIDOGO 😂😂 Paka wa Entebbe huyo, alikuwa anateremshia mukene kwa soda?

Dk. Malisho:
Kichwa Ngumu, paka wanaugua kisukari kama sisi, hasa madume wanene wa ndani wanaoshinda wamelala. Mleta mada, futa habari ya deksa. Ni steroidi. Itamtuliza siku moja, na sukari itapanda mpaka ishindwe kushikika. Kijana abaki na elfu kumi yake. Paka anadungwa insulini? Kiasi gani?

Mlinda_Geti:
Insulini anadungwa asubuhi na jioni, mistari miwili kama nilivyoelekezwa. Sijaruka hata mara moja, nikiwa na malaria nilimdunga. Upande huo hauna shida daktari. Mimi nauliza mguu.

Mama Twaha:
Pole mwanangu. Mama mkwe wangu kule Arua anatumia insulini na umeme ndiyo huo mnaoujua. Tunaiweka chupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, kivulini. Inakaa baridi kabisa. Ila mama mwenyewe mbishi, ukimgeuzia mgongo ameshakula mandazi. Akiulizwa anasema Mungu ndiye anayejua siku yake. Sasa Mungu anajua, na mandazi nayo yanajua.

Mzee wa Busia:
Mimi nashangaa. Binadamu wanatoka zahanati mikono mitupu, wameambiwa insulini imekwisha, na hapa paka anadungwa mara mbili kwa siku. Vijana mmepotea. Zamani paka akiumia anajiramba na maisha yanaendelea.

Bint Bombo:
Mzee wangu, shikamoo, lakini paka kukosa insulini hakumpi mgonjwa yeyote insulini.

Dk. Malisho:
Tafadhali tumalize. Mistari miwili ya bomba gani? Kifuniko chekundu au cha rangi ya chungwa? Na chupa imeandikwa 40 au 100?

Mlinda_Geti:
Chupa ya kwanza ya paka iliisha wiki iliyopita. Nikaenda duka la dawa nikachukua Mixtard, imeandikwa 100. Mabomba ni yale yale ya kifuniko chekundu, yamebaki boksi zima, kwa nini ninunue mengine? Insulini ni insulini. Hata muuza dawa hakusema neno.

Dk. Malisho:
Muuza dawa alijua ni ya mtu. Sikiliza vizuri. Bomba jekundu ni la insulini ya paka, yenye yuniti 40 kwa mililita. Mistari miwili humo ni mililita 0.05. Ukivuta ile ya 100, mililita 0.05 ni yuniti 5. Umekuwa ukimpa mara mbili na nusu ya anachostahili, na insulini yenyewe ni ya aina nyingine. Sukari ikishuka hivyo paka anayumba, anaishiwa nguvu, hata degedege humpata. Mimi siamini kwamba ukuta ulimshinda kwa uzee.

Ya leo jioni USIMDUNGE. Mpe chakula sasa. Akiwa amelegea au anatetemeka, mpake asali au glukosi kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie, atapaliwa. Kuna jirani mwenye mashine ya kupimia sukari? Damu inatolewa kwa kuchoma ukingo wa sikio.

Kichwa_Ngumu:
Wadau, mimi nasema hii ni CHAI, tena ya tangawizi. Mlinda geti anapata wapi paka wa kisukari na boksi la mabomba mekundu? Mwanzo aliuliza Panadol kama hajui lolote, sasa kumbe anadunga insulini hata akiwa na malaria. Weka picha au uzi ufungwe.

Nipo_Nipo:
Picha mkuu. Hata ya mkia.

Mzee wa Busia:
Nami nilinusa tangu mwanzo. Wanatafuta wasomaji hawa.

Mama Twaha:
Na mimi nimeeleza habari za mama mkwe wangu hapa kwa bure?

Mlinda_Geti:
Picha siweki, nyumba si yangu. Paka ni wa bosi wangu, Mdachi, amekwenda kwao na anarudi mwezi ujao. Aliniachia paka, insulini, biskuti zake na maelekezo kwenye karatasi. Ananitumia hela ya matunzo kila mwezi na jina langu kazini ndilo hilo. Nikimpigia kwamba paka ameumia ataanza kuuliza hiki na kile. Nilitaka apone kwanza kimya kimya. Mnaosema chai njooni Entebbe mnywe.

Kichwa_Ngumu:
Sasa amekuwa na Mdachi 😂 Sura inayofuata Mdachi anamwachia urithi.

Bint Bombo:
Wewe ungekuwa na kazi ya kulinda nyumba ya watu usingeficha? Kaka, umempima?

Mlinda_Geti:
Mke wa dereva wa jirani ana mashine. Tumemshika kwa taulo, imesoma 2.9. Amekula kuku wa kuchemsha, nikampaka asali. Sasa hivi ananitazama kama nimemwibia. Ila mguu bado hakanyagi.

Dk. Malisho:
2.9 ni chini, hata kama mashine za watu husoma paka chini kidogo. Mpime tena baada ya nusu saa, na usiku usimwache peke yake. Kwa ajili ya mguu, afungiwe chumba kidogo, asiruke popote, sanduku la mchanga liwe la ukingo mfupi. Kesho mpeleke kliniki ya wanyama wadogo ya chuo cha mifugo, Makerere. Wampige picha ya mfupa, wapime figo, ndipo wachague dawa ya maumivu. Kuna buprenofini, kuna gabapentini, meloksikamu nayo hutolewa kwa tone kulingana na uzito figo zikiwa nzima. Waangalie pia kama anakanyagia kisigino, kisukari huharibu neva za miguu ya nyuma. Insulini waipange upya wao. Nenda na chupa zote mbili na bomba.

Mlinda_Geti:
Nitakwenda na boda asubuhi, nipite barabara ya kulipia kukwepa jam.

Nipo_Nipo:
Boda hawairuhusu kule mkuu. Tafuta gari dogo, getini ni 5,000. Au pita Kajjansi kama sisi wengine, paka apone njiani.

Mzee wa Busia:
Mpigie Mdachi leo, kijana. Asikie kwako, asisikie kwa dereva wa jirani.

Mlinda_Geti:
Nikishaona picha ya mfupa nitampigia, mzee.

Mama Twaha:
Daktari, samahani kuchomekea. Mbuzi wangu naye anachechemea tangu Ijumaa, sukari hana. Nifungue uzi mwingine au niulize hapa hapa?