Premio ya 1998: waya zinakatika ndani ya mpira wa mlango wa dereva

Mwalimu wa Tororo

Habari zenu ndugu zangu. Nina Premio ya 1998, mwaka wa tisa huu nikiiendesha, na sasa vioo vya umeme vimegoma. Ilianza na kioo cha dereva tu: mlango ukiwa nusu wazi kinapanda, ukiufunga kinakaa palepale. Halafu loki zikaanza kujifunga zenyewe njiani, nikipita kwenye shimo nasikia milango yote minne imelia. Wiki iliyopita nikitoka Mbale mvua ilinikuta kioo kiko chini kabisa. Nilifika nyumbani nimelowa upande mmoja, na karatasi za mitihani za watoto zimeshikana.

Fundi wa hapa mjini aliuvuta ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi, ule wenye mikunjo kama mrija wa kunywea soda. Umepasuka mahali pawili. Ndani akakuta waya mbili zimekatika. Alizisokota, akazifunga tepu, juu yake akazungushia kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili maji yasiingie. Nilimlipa shilingi 40,000 za Uganda. Imedumu wiki sita. Sasa fyuzi ya vioo inaungua kila nikiiweka, naye anashauri tuweke kubwa zaidi.

Naomba kujua: mpira unabadilishika peke yake, au lazima ninunue waya za mlango mzima? Na unaingiaje, maana plagi naiona kubwa kuliko tundu la mpira? Nina kaka yangu mwenye mikono mizuri na kifaa cha kulehemu redio. Hili gari ndilo linanipeleka shuleni, siwezi kulilaza gereji mwezi mzima.

Fundi Umeme, Ndeeba

Mwalimu, pole sana kwa mvua hiyo. Kabla ya mpira, hilo la fyuzi kubwa ulikatae. Fyuzi inaungua kwa sababu kuna waya ya moto, ile inayoleta umeme, imechubuka na inagusa bati. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya yenyewe, tena ndani ya nguzo ya mlango ambamo huoni. Nilishaletewa gari ambalo mtu aliweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Kapeti chini ya miguu ya dereva ilikuwa imeanza kuyeyuka, na watoto wamekaa nyuma. Siku hiyo sijaisahau. Kioo kikikubali kipandishe, ichomoe hiyo fyuzi leo, uende bila vioo mpaka kazi iishe.

Mpira unabadilishika peke yake. Ila ukiubadilisha ukaziacha waya zilivyo, utakuwa umekifunika kidonda bila kukisafisha. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, na ndio wenye waya nyingi kwa sababu swichi kubwa iko hapo. Kila ukitoka, waya zinakunjwa mahali palepale. Nyuzi za shaba zinakatika mmoja mmoja huku ganda la nje limebaki zima. Ndiyo maana fundi wako aliona mbili. Naamini ziko zaidi.

Mwambie kaka ashike waya moja moja, mkono mmoja upande wa mlango na mwingine upande wa bodi, avute polepole. Iliyo nzima inakaza kama kamba. Iliyokatika ndani inarefuka, ganda linavutika kama chingamu, na pale linapokonda ndipo shaba imeachana. Aanze na nyeupe yenye mstari mweusi. Kwenye Toyota hiyo ndiyo ethi, njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Toyota nyingi za miaka hiyo vioo vyote vinapata ethi kupitia swichi ya dereva, kwa hiyo waya hiyo moja ikifa, milango mingine nayo inanyamaza. Watu wameuziwa mota tatu kwa ajili ya waya moja.

Kazi yenyewe ni ya siku moja. Toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, spana namba 10. Fungua kava la mlango kwa subira, skrubu hujificha nyuma ya kishikio, zilizobaki ni klipu. Nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava msiichane, ndiyo inayozuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasiingie ndani. Upande wa bodi toeni plastiki ya pembeni miguuni, mara nyingi plagi za mlango ziko nyuma yake. Pigeni picha kila kitu kabla ya kuchomoa.

Kisha kateni sehemu yote inayopita kwenye mpira, muongeze sentimita kama 10 ndani ya mlango na 10 ndani ya bodi, muweke waya mpya hapo katikati. Msiunge ndani ya mpira. Nawaambia vijana wangu kila siku: kiungo hakikai kwenye bawaba. Risasi ya kulehemu ikiyeyuka inatambaa ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, halafu mlango ukikunja, waya inakatika pale risasi inapoishia. Viungo vikae mahali pasipotikisika, tena msivipange sawasawa. Kila kimoja kiwe sentimita 3 mbele ya mwenzake, la sivyo mtapata fundo kama yai.

Waya ya nyumba, ile yenye shaba moja nene, msiiguse. Ni ya kukaa ukutani. Tafuteni kipande cha waya za gari lililovunjwa, zenye nyuzi nyingi nyembamba, unene uleule au kuzidi kidogo. Soko la Kisekka, Kampala, zipo, hata huku Ndeeba. Zikiwa za Toyota rangi nyingi zitafanana na za kwako, hutahangaika kuandika vikaratasi.

Swali la plagi limejijibu hapo. Mpira unapitishwa kwenye waya tupu kabla ya kuunga upande wa pili, pamoja na vile vimirija vya kusinyaa kwa moto vya kufunika viungo, viwe vimeshavishwa. Loweka mpira kwenye maji ya moto dakika tano, paka sabuni, utateleza. Mafuta ya injini hapana, mafuta ya kujipaka hapana, yanaivimbisha mipira mingi ya aina hii.

Dereva wa Busia

Fundi, hayo yote ni kazi kubwa. Mimi mpira wangu nilinunua, nikaupasua kwa wembe toka juu hadi chini, nikauvalisha bila kukata waya hata moja, mpasuko nikauziba kwa silikoni ya madirisha. Mwaka wa pili sasa, na ninapita vumbi kila siku. Mwalimu asitishwe.

Fundi Umeme, Ndeeba

Ndugu wa Busia, kama waya zako zilikuwa nzima nakuelewa, na kwa mlango wa nyuma usiofunguliwa sana inaweza kusogea. Lakini za Mwalimu tayari zimekatika, lazima akate tu, kwa hiyo haina maana apasue mpira mpya.

Na hiyo silikoni, inuse. Ikiwa inanuka siki, inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo inaila shaba. Nimefungua waya za namna hiyo nikakuta ukungu wa kijani umepanda ndani ya ganda. Ukilazimika kupasua, mpasuko uelekee chini, maji yakiingia yapate pa kutokea.

Mwalimu, mawili niliyoyasahau. Ndani ya mpira msifunge waya kwa tepu. Ziachwe huru ziteleze zenyewe kwa zenyewe mlango unapokunja. Ukizibana zinageuka fimbo moja, na fimbo inavunjika. Nje ya mpira, ndani ya mlango, zifungeni kwa tepu ya kitambaa. Ile ya plastiki jua likiipiga inatoa gundi na kulegea. La pili ni mdomo wa tundu kwenye bati. Pakiwa na kutu pigeni msasa, pakeni praima na rangi, pakauke kabisa. Hapo ndipo waya yako ya moto ilipochubuka, nina hakika.

Mwalimu wa Tororo

Mungu awabariki. Tumefanya Jumamosi, kaka yangu na mimi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza.

Waya zilizokatika zilikuwa tano, si mbili. Nyeupe yenye mstari mweusi ilivutika kama ulivyosema, nilishika mwenyewe, nikahisi shaba imeachana ndani huku nje haina hata mkwaruzo. Kaveera lilikuwa limejaa maji, tulipolikata yalimwagika mkononi. Na mdomo wa tundu ulikuwa na kutu yenye meno. Waya ya moto ilikuwa imechongwa papo hapo, shaba inang'aa.

Mpira niliagiza Kampala kwa mtu wa Kisekka, ulitoka kwenye gari la kuvunjwa, laini bado, akaniletea na basi kwa 25,000 pamoja na kipande cha waya. Kazi ngumu ilikuwa kuukalisha mpira kwenye tundu la bodi. Mdomo wake una mfereji unaotakiwa kulishika bati pande zote, na upande wa chini ulikuwa unachomoka kila tukibonyeza juu. Mwishowe kaka alipitisha mkono kwa ndani, miguuni, akauvuta mimi nikiusukuma kwa kidole gumba kwa nje.

Vioo vyote vinne vinapanda. Fyuzi ni ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kifuniko cha fyuzi. Loki zimetulia, nimepita mashimo ya njia ya Malaba makusudi kuzijaribu.

Ila kapeti bado ina unyevu upande wa dereva. Na nilipobonyeza mpira wa mlango wa nyuma kushoto, ulipasuka chini ya kidole.

Fundi Umeme, Ndeeba

Mwalimu, mpe kaka mkono kwa niaba yangu. Kapeti iinue yote, toa sponji iliyo chini yake uianike juani siku mbili, ndiyo inayotunza maji. Kisha mwaga maji mlangoni kwa jagi huku mtu ameweka mkono ndani chini ya tundu. Yakiingia, mfereji wa mpira haujashika mahali fulani. Yasipoingia, angalia ile nailoni ya mlango, huenda haikugandishwa vizuri mlipoirudisha.

Wa nyuma una waya chache, mota, loki na labda spika. Zikiwa nzima zote kwa kuvuta, usikate. Chomoa vipini, vile vichuma vya ncha za waya, kwenye plagi kimoja kimoja kwa sindano nene, mpira upite. Picha ya mpangilio wa rangi upige kwanza, nitumie kabla hujaanza.